Sabuni ya Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu Kulusumu alizaliwa Mbale, mtaa wa Namatala, katika ukoo wa askari wa Kinubi waliotoka Sudani zamani. Watu walimwita Mama Bakhit, ingawa Bakhit mwenyewe sikupata kumwona. Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipofika, yeye na mume wetu Rajab walikimbia kwa miguu mpaka ng'ambo ya mpaka, na huko kambini akajifunza kupika sabuni. Waliporudi, nchi haikuwa na sabuni hata ya kufulia nepi. Ile ya magendo ilikatwa vipande vidogo kama peremende. Akatafuta mafuta ya pamba na magadi makali ya kostiki, akapika, akauza, akamlisha mumewe mpaka alipopata kazi. Haya yote nilisimuliwa na Rajab, tena na tena, mpaka nikatamani na mimi ningekimbia vita.

Mimi alinioa Jinja, baada ya kupata kazi ya stoo katika kiwanda cha nguo kilichokuwa kinafufuliwa. Nilikuwa na nyumba yangu ndogo, mtoto wangu Abdu mgongoni, na mume wangu siku zote isipokuwa mwisho wa mwezi, alipopanda basi kwenda Mbale. Mwisho wa mwezi nilikuwa nauvumilia.

Sasa kiwanda kikataka sabuni ya kuoshea vitambaa. Maji yake machafu yalikuwa yanaingia mto Nile, na sabuni ya unga waliyokuwa wakitumia iliacha povu lisilokwisha. Wakulima wa Budondo walilalamika kwamba ng'ombe wanakataa kunywa. Meneja akasema anataka sabuni inayooza majini.

"Mimi naijua," Rajab akasema. Alipokuja kunieleza, uso ulimng'aa kama bwana harusi.

Basi Mama Bakhit akaja na gunia lake la sabuni, akakaa kwangu. Sabuni ikifaulu, atapewa banda la kupikia nyuma ya kiwanda na kuhamia Jinja moja kwa moja. Isipofaulu, anarudi Namatala. Nilijua ninachoomba kila nikiswali, na nilijua si dua nzuri.

"Mdogo wangu," akaniambia siku ya kwanza, akigeuza sufuria yangu, "hii ndiyo mnapikia?"

"Ndiyo hiyo, dada."

"Haya. Kumbe Rajab hakukonda bure."

Rajab akacheka. Yeye kusema, sawa. Lakini Rajab kucheka!

Aliyepewa kazi ya kupima alikuwa Bwana Wamboga wa maabara ya kiwanda, Mgisu mpole mwenye miwani. Akamtuma Rajab maji ya mto kutoka Budondo. Rajab akayaleta kwa baiskeli, jerikeni moja, lakini jioni ile alikuta maabara imefungwa. Akaliweka jikoni kwangu, akaenda kuswali magharibi.

Nikamwona Mama Bakhit anayamimina sufuriani na kuchochea jiko.

"Dada, hayo si ya kunywa. Na makaa ndiyo yanaisha."

"Maji mabichi hayalali nyumba niliyomo."

"Lakini kwa nini?"

Hakuniangalia. "Bakhit aliyanywa," akasema. "Kambini."

Nikamtoa Abdu mgongoni, nikamweka pajani. Maji yalitokota, yakapoa, akayarudisha kwenye jerikeni. Asubuhi Rajab akaenda nalo.

Bwana Wamboga aliyatikisa sana yashibe hewa, akajaza chupa mpaka juu. Nyingine alizitia tone la sabuni ya Mama Bakhit, nyingine akaziacha maji matupu. Akaziziba, akazifungia kabatini gizani. Tukaambiwa tusubiri kama mwezi.

Mwezi ule mimi ndiye niliyekuwa chupa iliyozibwa. Rajab akila anauliza, "Leo kapika nani?" Nikisema ni mimi, anasema, "Aa." Abdu naye akaanza kutambaa kwenda kwa Mama Bakhit, akipanda mapajani mwake kama kwamba mimi ni yaya.

Mwisho Bwana Wamboga akaja nyumbani mwenyewe.

"Mama, samahani. Sabuni yako haikuliwa."

"Iliwe na nani?"

"Na wadudu wadogo wa mtoni, hatuwaoni kwa macho. Wakiila wanapumua, na hewa iliyo ndani ya maji inapungua. Chupa zako hewa imejaa vilevile. Hata zile za maji matupu, ajabu, kama mto umelala."

Nikaingia jikoni ili nicheke peke yangu. Nilikuwa nimeshinda bila kunyanyua mkono.

Kupitia mlangoni nikamwona Mama Bakhit anazikusanya zile sabuni kwenye gunia. "Rajab, nipe jembe nikazifukie," akasema. "Kumbe miaka yote hii nawauzia watu uchafu. Na kule kambini tulioga mtoni." Rajab akakaa chini karibu naye, akamshika mkono mbele ya mgeni. Mimi hajapata kunishika mkono mbele ya mtu.

Uliniuma ule mkono. Lakini kilichonirudia kichwani ni jiko, na maji yanayotokota.

Nikatoka. "Bwana Wamboga, hao wadudu wakichemshwa?"

"Watakufa wote, Mama Abdu. Kwa nini?"

Ningeweza kusema, nimeuliza tu. Mama Bakhit alikuwa ananitazama, gunia mkononi.

"Maji ya Budondo yalichemshwa hapa," nikasema. "Tena kwa makaa yangu."

Bwana Wamboga alicheka mpaka akavua miwani. Rajab akaruka. "Kulusumu! Umepika mto?"

"Ningejuaje? Wewe ndiye uliyeuleta jikoni!"

Mara ya pili Rajab aliyachota alfajiri na kuyafikisha maabara moja kwa moja. Muda ulipotimia, hewa katika chupa za maji matupu ilikuwa imepungua kidogo tu. Katika zile za sabuni ilibaki haba sana. Wadudu walikuwa wamekula na kushiba. Kiwanda kikampa Mama Bakhit banda, na chumba cha kulala kando yake.

"Ungenyamaza, mdogo wangu," akaniambia, "saa hizi niko Namatala."

"Najua, dada."

Mizigo yake ililetwa kwa treni. Rajab aliwafukuza wapagazi stesheni, akajitwika kitanda cha Mama Bakhit kichwani, akapita nacho mbele ya mlango wangu huku jasho likimtiririka, anaimba. Changu, siku niliyoolewa, kililetwa na mtu wa mkokoteni.