Mvinyo wa Watu Wasiokunywa

Nyumba tuliyopanga La Rochelle, mtaa mmoja wa Johannesburg, ilikuwa ya mjane wa Kireno, na uani kwake palikuwa na mzabibu mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Mimi na mume wangu, watu wa Tanga, tulikaa chumba cha nyuma. Chumba cha pili alikaa fundi cherehani wa Lubumbashi, mlokole asiyegusa kileo. Sisi ni Waislamu. Mjane mwenyewe, tuliyemwita Bibi, alikuwa amekatazwa pombe na daktari. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba uani kwetu hapakuwa na mnywaji hata mmoja.

Mwanzoni mimi na Bibi hatukuelewana. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, changu kibovu pia, na ubovu wenyewe haukufanana. Siku moja aliniita gereji nimsaidie kusogeza vitu, akagusa chuma kimoja chenye mikunjo akasema, "Parafuso."

"Parafujo?" nikauliza.

Akanitazama. Akagonga pipa. "Pipa."

"Pipa," nikajibu.

Meza ikawa meza, bomba likawa bomba. Alipofika kwenye "vinho" nami nikasema mvinyo, alinikumbatia, na tangu siku hiyo akaamini Tanga ni kitongoji cha Ureno. Sikumbishia. Wazee wetu waliwafukuza Wareno lakini inaonekana maneno yao waliyazuia forodhani.

Mvinyo alikuwa akiutengeneza marehemu mumewe. Tangu afariki, zabibu zilikuwa riziki ya ndege. Mwaka ule mzabibu ulizaa mpaka nguzo za kichanja zikainama, na Bibi akatangaza kwamba safari hii hakipotei hata kishada. Fundi akashona vifuko vya mapazia makuukuu, tukavisha vishada vyote. Ua ukawa kama umejaa mabibi harusi wanaoning'inia, na ndege wakakaa juu ya ukuta wakitutukana.

Kuchuma hakukunitia shaka. Kukamua ndiko kulikonitia. Nikamwuliza mume wangu tukiwa tunakunywa chai.

"Zabibu zina kosa gani?" akasema. "Kosa liko kwenye kungoja. Kamueni, chukua juisi yetu siku hiyohiyo, kitakachobaki ni cha Bibi na Mola wake."

Mume wangu si shehe, ni mpenda juisi. Hata hivyo niliona afadhali hivyo kuliko kumwacha mama mzee ahangaike peke yake.

Fundi naye alikuwa na sharti lake. "Miye nimeokoka, mama. Nitasaidia kazi. Kinywaji, hapana."

Tukatoa vyombo. Palikuwa na pipa lililokatwa nusu la kukanyagia, na kikamulio: tundu la mbao zilizosimamishwa kwa kuachana kidogo, katikati imesimama parafujo nene kama mkono wangu, na juu yake mti mrefu wa kuzungushia. Fundi alipokiona akavua kofia.

"Kumbe njo hii shinikizo ya Biblia!"

Lakini parafujo ilikuwa imeshikwa na kutu, haigeuki. Bibi akaleta kopo la mafuta ya nguruwe, ndiyo mumewe aliyopaka siku zote. Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Bibi, ukipaka hayo, juisi mimi basi."

Fundi akaleta mafuta ya cherehani. Bibi akapiga kelele kwamba mvinyo utanuka kama suruali. Fundi akarudi na mawese, mimi nikaja na mafuta ya nazi, tukasimama kila mtu na kopo lake kama wajumbe wa mkutano wa amani. Mwishowe Bibi aliingia jikoni, akatoka na mafuta ya zeituni ya kulia chakula, akayamimina huku akiugulia kama anayetolewa damu. Parafujo ikalia, ikasita, ikazunguka.

Tukaosha miguu kwa sabuni, Bibi akakagua mpaka kucha. Mimi nilijifunga kanga kibwebwe, fundi akakunja suruali, tukakanyaga. Mtu akikuambia kukanyaga zabibu ni starehe, mwulize kama aliwahi kukanyaga vikonyo vyake. Fundi aliimba pambio ili miguu isiachane, nami bila kujua nikawa namwitikia.

Mume wangu alirudi kutoka kazini tukiwa kwenye kukamua. Fundi alikuwa ameshavaa shati jeupe, tayari kwenda mazoezi ya kwaya, amekuja tu kutuaga.

"Zungusha polepole," Bibi alimwambia mume wangu. "Pumzika, halafu zungusha."

Mtu mwenye kiu ya juisi hapumziki. Aliukumbatia ule mti, akausukuma kwa nguvu zake zote, na juisi ikaruka kati ya mbao, ikampata fundi kuanzia kola mpaka mkanda. Shati la pili lilikuwa kwenye kamba, bichi. Alikwenda hivyohivyo.

Aliporudi tulimwuliza ilikuwaje.

"Wameniombea," akasema. "Wote. Walinizunguka."

Juisi yetu tuliinywa jioni ileile, tamu ya kukwaruza koo. Iliyobaki ikaingia mapipani. Makapi Bibi aliyafunika kwenye ndoo, na baada ya majuma kadhaa akatuita chumbani kwake, akatuamuru tuinue shuka la kitanda. Chini yake palikuwa na chungu cha shaba chenye kofia kama kitunguu na mkono mrefu. Alikificha kwa sababu Johannesburg shaba hailali nje. Hata nyaya za umeme huondoka zikiwa bado na umeme.

Fundi akakodoa macho. "Mama yangu alikuwa na kitu kama hii," akasema. "Yake ilikuwa pipa ya chuma. Alipika lutuku, pombe kali ya mahindi, njo ikanisomesha. Mimi nilikuwa naomba Mungu aache."

Siku ya kupika yale makapi alisimama mbali, amekunja mikono. Haikuchukua muda.

"Bibi, moto ni mwingi."

"Wewe umeokoka, nyamaza."

"Nimeokoka, lakini moto ni mwingi!"

Akausogelea, akatoa kuni mbili. Mvuke ukawa unavuja pale kofia inapokutana na chungu, maana Bibi aliziba kwa kinyunga kigumu ajabu. Nikashindwa kuvumilia. Nikakanda kingine laini, nikijiambia kwamba nakanda unga tu, kama wa chapati.

Matone ya kwanza, ambayo ni sumu, Bibi aliyamwaga, na fundi akaitikia kwa kichwa. Hata mama yake aliyamwaga. Yaliyofuata Bibi aliyakinga kwenye kijiko. Tukamkumbusha daktari. Akasema daktari hayupo. Akaonja.

Uso ukamkunjamana. Akafumba macho, akashika nguzo ya kichanja, mabega yakaanza kutikisika, tukadhani tumemwua.

"Mbaya," akasema, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Mbaya vilevile kama ya mume wangu!"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Bibi akaketi kando yake, akamshika mkono, akamwuliza habari za mama yake, kama yu hai. Fundi akasema yu hai, ameacha kupika, sasa anauza mkaa. Akatoa simu, akampigia palepale. Bibi akaidaka ile simu na kumpigia kelele za Kireno, na kutoka Lubumbashi tukasikia mama mmoja akijibu kwa kelele zilezile, bila kujua anamjibu nani.