Mficha Kupona

Ugonjwa wangu una jina refu kuliko ukoo wangu: msongo changamano wa baada ya kiwewe. Majirani zangu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hulifupisha, wanasema kichwa hakiko sawa. Tiba yake ni vidonge vya jioni na kikundi cha Jumatano. Sisi wanawake wa Kivu Kusini, Kongo, tunaketi duara chini ya turubai, na mshauri, binti mpole kutoka Mbarara, anatuomba tuseme yaliyotupata.

Kusema, jamani, tunajua. Kila mmoja wetu anayo historia yake, ile ya usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu, na anaijua kama Baba Yetu: jimbo, tarafa, kijiji, wenye sare waliingia kwa mlango upi, nani alianguka wa kwanza. Tulimsomea mshauri zote bila kukwama. Alilia yeye, tukampa maji. Sisi tulikuwa wakavu kabisa, tukiwaza maharage tuliyoyaacha motoni.

Ndipo akaanza kazi yenyewe, pole pole: kupumua, kukanyaga ardhi na kuihisi, kusema jambo moja dogo ambalo halimo katika historia. Ajabu ni kwamba ilisaidia. Siku moja jirani alitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yangu nami sikutoka mbio, ingawa kishindo cha mchi kilikuwa kimenikimbiza miaka yote. Lakini kila Jumatano tukiulizwa hali, tulijibu kwa sauti ya kuugua kwamba tuko palepale. Kambini inajulikana, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kusema, kwamba anayepona faili lake la safari ya Kanada linafungwa. Kanada ina wazima wake wa kutosha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mficha kupona hawakusema kitu, kwa hiyo tulijiona tumesalimika.

Tuliigiza vizuri mno. Mshauri alikuja macho chini, akatuambia wakubwa wake wameona hakuna anayepata nafuu. Kikundi kitafungwa, isipokuwa daktari wa Mbarara aone vingine. Mwenye miadi na daktari wiki ile nilikuwa mimi. Niliogopa sana. Nikisema nimepata nafuu, kwaheri Kanada. Nikinyamaza, narudi kuwa yule mwanamke aliyelala na viatu miguuni.

Hospitalini Mbarara benchi lilikuwa na nafasi moja tu, karibu na askari wa kambi ya jeshi aliyevaa sare kamili, mkewe pembeni. Bahati yangu hiyo, kati ya mabenchi yote ya Uganda. Nilikaa ukingoni, nikipumua kama nilivyofunzwa.

Mkewe akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi getini. "Huyu anasema kwa daktari iko sawa. Kila saa sawa, sawa. Akisema iko mgonjwa, wananyang'anya bunduki. Nyumbani analala chini ya kitanda."

Nilikuwa nimempata mwenzangu: yeye mgonjwa kwa siri, mimi napona kwa siri. Kabla sijajibu, mtu aliangusha sinia la vyuma kwenye korido.

Nilipofumbua macho nilikuwa chini ya benchi, na askari alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameshika pindo la kitenge changu. Nilimhurumia, kisha nikakasirika kwa kumhurumia mtu mwenye sare ile, kisha nikamwachia kitenge akishike.

"Toka, afande," mkewe akasema bila kuinuka. "Ni sinia tu."

Daktari ndiye aliyenipa mkono nikatoka. Ofisini alifungua karatasi zangu, akaniuliza naendeleaje. Nikalifikiria faili. Nikaifikiria Jumatano.

"Munganga, niko najisikia muzuri kidogo. Ile kikundi inanisaidia mingi. Musiifunge."

Aliangalia vumbi lililokuwa magotini mwangu. "Mama, mimi nimetoa wewe chini ya benchi sasa hivi."

"Ndiyo," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka bila ruhusa. "Zamani ningekuwa nilishafika Kabingo, kule mbali kwa njia ya kambi, kwa miguu. Andika ile."