Kaa wa Mfereji wa Mang'ola

Mpaka leo mtu akinitajia soko la dunia, nacheka kwanza. Soko hilo nililiona Mang'ola miaka ya sabini, limevaa suruali ya bugaluu na miwani nyeusi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nakaa kwa dada yangu kumsaidia kupalilia vitunguu, huku naota siku moja nitapanda meli. Basi bwana mmoja akaja na lori la vitunguu kutoka Arusha, akamwambia shemeji kwamba Wajapani wanagombania kaa, na Wazungu nao wanapandisha bei. Akaahidi kurudi na lori lijalo. Shemeji, mtu asiyewahi kuonja hata dagaa, akageuka mtaalamu wa Japani.

Kwetu kaa haliwi. Hutoboa matuta ya mfereji, maji yakapotea, kwa hiyo ukimwona unamponda kwa jembe. Shemeji akapiga marufuku.

"Waacheni wanenepe! Hiyo ni mali ya kuuza nje."

Mimi nilifurahi, maana kuwaponda kulikuwa kunaniuma. Dada alisonya tu. "Dunia ikiwa na njaa, si ile vitunguu?"

Zamu yetu ya maji ikafika. Dada akafungua mfereji, akasubiri. Wapi! Maji yalitokea kwenye matundu ya kaa, yakaenda kunywesha miiba. Vitunguu vilishaanza kulala, na zamu ikipita, basi tena.

Saa hiyohiyo lori likafika. Shemeji akakimbilia barabarani na magunia yake ya kaa yanayochakarika. Bwana wa bugaluu hakuwemo. Dereva, mtu wa Tanga, akachungulia, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mzee, wanaotakiwa ni wa baharini, mmoja anajaza sahani! Hawa wako, hata paka wa kwetu atakuuliza chakula kiko wapi."

Dada akatokea, tope mpaka magotini, akamnyang'anya shemeji magunia, akayamwaga.

"Mama watoto, magunia ya Japani hayo!"

"Japani leo haina zamu ya maji."

Akayajaza udongo, akaziba matundu moja baada ya jingine, huku mimi nawasindikiza kaa mtoni na kuwaomba radhi. Maji yalipogusa jaruba la mwisho, dada aliketi palepale kwenye tope, akafumba macho.

Shemeji alikuwa bado barabarani, anamwuliza dereva kama Wajapani wanakula vyura.