Mwenye Kusukuma

Mama yangu anauza muhogo mkavu sokoni Koboko, kaskazini mwa Uganda. Miaka yote niliyolipwa kucheza raga, Kampala kwanza kisha Nairobi, hakuwahi kuelewa kazi yangu ni ipi hasa. Simlaumu. Alionyeshwa kipande cha mechi kwenye simu ya jirani, akaona wanaume wameinama, vichwa vimeingiliana, wanasukumana kama watu wanaogombania mlango. Mmoja wao nilikuwa mimi. Akarudi kibandani akawatangazia wenzake kwamba mwanawe ameajiriwa kusukuma.

Basi nikawa mwenye kusukuma. Kila nikija likizo, Koboko nzima ilikuwa na kitu kilichonisubiri. Lori la magunia limezima, niitwe. Kabati la kanisa halipiti mlangoni, niitwe. Hata ng'ombe dume aliyegoma njiani kwenda mnadani, walikuja kunigongea. Nilikuwa nikicheka nao, maana sifa ni tamu ukiwa kijana. Siku hizi sichekeshwi. Mtu anatoka kusukumana msimu mzima, anafika kwao akitafuta kitanda, anapewa ng'ombe.

Safari hii nilikuja nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Diski ya shingo ilikuwa imebana mshipa wa fahamu, na mkono wa kulia ulikuwa ukifa ganzi bila kunipa taarifa. Kikombe kinateleza. Kitasa hakigeuki. Daktari alisema uamuzi ni wangu, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kuulizwa baadaye. Kocha alikuwa akisubiri jibu kama nitaingia msimu mwingine. Nilimwambia napumzika tu kwa mama, nitampigia. Mama naye sikumwambia chochote. Nilijua alivyonijivunia mpaka wateja wanamkimbia, nami nikaona bora niumie kimya kuliko kumvua sifa yake.

Ila lilikuwapo jambo moja lililoninyima usingizi, na halikuwa shingo yangu. Kwenye skramu, ule msukumano wa kuinama aliouona mama, unapitisha mkono mgongoni mwa mwenzako wa katikati na kuikamata jezi yake. Yeye mikono yake yote iko mabegani mwenu, hana cha kujikinga nacho. Mkono wako ukiachia, safu inaporomoka, na yeye ndiye anayetangulia kufika chini, kwa kichwa. Wangu alikuwa mpole mwenye watoto wadogo, na alikuwa akiniamini kama anavyoamini sakafu ya nyumba yake.

Mama alitaka nimsindikize Omugo kununua muhogo. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, na tuliporudi, pikapu ya abiria tuliyopanda ilizama tope hadi ekseli kabla hatujaiona lami. Abiria wakashuka. Sikuwa nimeweka mguu chini dereva alipoanza kupiga kelele.

“Hapana ogopa! Mutu ya kusukuma iko hapa! Kuja, kuja katikati!”

Watu wakanipisha kwa heshima, kama vile nilikuwa askofu. Mama alikuwa amesimama kando, viatu mkononi, anatabasamu. Ningefanya nini? Nikainama, nikaweka bega kwenye bodi. Kulia kwangu aliinama mfanyabiashara wa Sudan Kusini, mrefu, aliyekuwa akirudi kambi ya wakimbizi na madebe ya mafuta. Wala sikufikiri. Mkono wangu ulipita wenyewe mgongoni mwake ukakamata shati, namna ulivyozoea, naye akanikamata pia, akaniachia uzito wake wote.

“Haya, moja!” dereva akapaza sauti. Gari likanyanyuka kidogo. Kisha vidole vyangu vikafunguka.

Sikuvifungua mimi. Nililiona shati likinitoka kama kitu kilichomo mkononi mwa mtu mwingine. Yule bwana akateleza, akaenda chini kifudifudi, na gurudumu likarudi nyuma. Dereva alikanyaga breki. Kichwa cha mtu kilikuwa tope tupu, shubiri moja tu kutoka kwenye tairi.

Aliinuka, akatema tope, akapangusa macho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

“Ndugu,” akasema, “mukono yako imeachia mimi. Iko mugonjwa?”

Nikasema ndiyo. Mbele ya abiria wote, mbele ya mama. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na nililitamka kwa mtu nisiyemjua, barabarani, huku nikilia kama mtoto. Niliona haya, na chini ya haya hiyo nilisikia unafuu ambao nilikuwa nimeusubiri kwa muda mrefu.

Mama aliviweka viatu vyake juu ya gunia, akaifunga leso kiunoni vizuri, akanishika begani na kuniondoa pale nilipokuwa.

“Kaa kule, mtoto yangu.”

Kisha akainama nafasi yangu, bega kwenye bodi, karibu na yule bwana, mama mtu mzima mwenye magoti mabovu. Nikakaa kwenye majani yenye maji. Nikamtazama akisukuma, visigino vyake vimejaa tope, mpaka pikapu ikatoka. Wote walishangilia. Mimi sikuweza.

Njiani hadi Koboko aliushika mkono wangu wa kulia mapajani mwake, akivikunja vidole na kuvikunjua.

Kesho yake asubuhi nilikuwa bado kitandani, simu kifuani, namba ya kocha imefunguka, sijaipiga. Mtu akabisha uani. Ilikuwa sauti ya kijana wa stendi.

“Mama, mutu ya kusukuma iko? Lori ya mchanga imekwama.”

Nilianza kuinuka, mazoea tu. Nikamsikia mama akiweka chini ungo wake.

“Hapana iko,” akasema. “Mtoto yangu iko. Mutu ya kusukuma imemaliza kazi.”

Nikajilaza tena, nikampigia kocha.