Jicho la Orrin Tackett

Wendell Prohaska alikuwa mchinja nguruwe mjini Cleveland, mtu wa mikono mipana na maneno machache. Jumapili moja mchana, mchezaji besiboli Rusty Galvan alivunja rekodi ya timu kwa kuupiga mpira mpaka majukwaani. Ulidundia karibu na Wendell, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, na kwa kuwa mpira wa namna hiyo huwa mali ya anayeupata, watu wakauvamia kama nyuki. Wendell aling'atwa kidole mpaka mfupani, akakanyagwa shingo. Mbele yake jamaa mmoja alikuwa ameshaudaka. Wendell akampiga kiwiko cha uso, kikazama jichoni. Jamaa akapiga yowe, akauachia, Wendell akaunyakua.

Aliitwa Orrin Tackett, fundi wa mapaa. Wendell alisoma gazetini kwamba jicho limepotea, na kwamba kwenye msukosuko ule hakuna aliyeona kiwiko kilikuwa cha nani; hakujitokeza. Galvan akautia mpira sahihi yake, nao ukakaa sebuleni kwa Wendell kwenye kisanduku cha kioo. Waliotaka kuununua aliwafukuza.

Miaka saba baadaye Galvan alikiri kwenye televisheni kwamba msimu ule alikuwa akijidunga dawa za kuongeza nguvu. Rekodi ikafutwa. Kwenye baa wakapata la kucheka.

"Prohaska, si umpe mbwa tu huo mpira achezee!"

Wendell akamvunja msemaji pua. "Nimemtoa mtu jicho kwa mpira ule!" akafoka. "Mnasikia? Jicho!"

Maneno yakamfikia Orrin. Jumamosi asubuhi aliupiga teke mlango wa Prohaska, akaingia na gongo la besiboli.

"Ni wewe?"

"Ndiyo. Ni mimi."

Pigo la kwanza lilisambaratisha kisanduku. La pili lilivunja mkono wa Wendell, la tatu mbavu. Alianguka juu ya vioo.

"Shujaa wako feki, mpira wako feki!" Orrin alilia huku akipiga. "Jicho langu lilikuwa feki?"

Lorna, mkewe Wendell, alitoka jikoni na kikaango cha mafuta ya moto, akamtwanga nacho Orrin shingoni. Ngozi ikababuka. Akakiinua tena.

"Mwache, Lorna," Wendell alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Nilianza mimi."

Hayo hayo aliyarudia mahakamani, mkono ukiwa umefungwa plasta ngumu. Hata hivyo Orrin alifungwa miaka miwili. Alipopitishwa na askari, Wendell alisimama.

"Nisamehe, bwana Tackett."

Orrin alimtemea mate kifuani. Wendell hakuyafuta mpaka Lorna alipomfikisha nyumbani kwa gari.