Kichuguu cha Mama Ngoie

Alhamisi iliyopita tulimzika Mama Ngoie, nkambo wako, mama wa mama yako. Viti vya kilio vilikuwa bado uwanjani nilipokusikia, Mwanangu, ukimwambia fundi wa matofali aje Jumatatu kuvunja kichuguu chake. Mimi ni jirani tu, na mdomo wangu ni mzito penye msiba. Ndiyo sababu naandika.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nimeoa karibuni, na lupango langu, kiwanja changu hapa katika mtaa wetu wa Kenya, lilikuwa na kichuguu kama hicho, kirefu kupita paa la nyumba. Unaujua udongo wa mchwa, hakuna mwingine unaotoa tofali gumu namna ile. Nilikibomoa chote. Kilipokwisha sikuacha, nikachimba chini mpaka nikabaki na shimo la kunifika kifuani. Halafu nikajenga nyumba palepale ukingoni, kwa uvivu wa kubeba matofali mbali.

Mama Ngoie alikuwa mjane tayari. Chake hakukigusa. Kila mwaka kabla ya mvua alipanda matete ubavuni mwake ili udongo usishuke. Siku moja nilimchokoza mbele ya vijana wenzangu.

"Mama Ngoie, kichuguu njo bwana yako ya pili?"

"Heri huyu," akajibu bila kuacha kazi. "Halewi, na mvua ikikuja anasimama. Weye je, mule mu shimo utalalisha nani?"

Vijana wakanicheka mimi, si yeye. Kwa hasira shimo sikulifukia.

Mvua ilinikuta kazini. Wakati huo mvua ya namna ile ilikuwa nadra, kitu cha kusimuliwa. Nilipofika nyumbani ukuta ulikuwa umelala ndani ya shimo, na mke wangu hayumo, wala mtoto wetu mchanga. Nilipiga kelele kama mwenda wazimu. Kisha nikawaona juu ya kichuguu cha jirani: Mama Ngoie, amelowa mpaka kiunoni, mtoto wangu amemfunga mgongoni mwake, mke wangu ameshika nguo yake. Nilingoja anitukane. Alisema hivi tu:

"Usilie. Uko na nguvu. Enda, leta bazee."

Nikaenda. Mpaka jioni nilikuwa nabeba wazee, na yeye anawapokea kule juu, akiwataja kwa majina.

Sasa, Mwanangu, mvua hiyo si ya kusimuliwa tena. Inakawia, mahindi yanakauka yakiwa madogo, halafu inamwagika yote kwa siku moja. Mimi sikusoma sana. Redio inasema dunia imepata joto kwa moshi wa viwanda na magari, na miti iliyokatwa. Makala, mkaa wa kupikia, tunachoma na sisi, sitaficha. Lakini nkambo wako hakuwa na gari, wala kiwanda, hata pasi ya umeme hakuwa nayo. Mvua ileile ikinyesha katikati ya mji, mifereji ya saruji inaipokea, watu wanafunga madirisha. Ikitoka kule inakuja kwetu na takataka zake. Wingu ni moja, lakini hatulowi sawasawa. Mama Ngoie alilijua hilo kabla ya redio. Mara ngapi alikwenda kwa miguu ofisi ya komine, ya serikali ya mtaa wetu, kudai mfereji? Alirudi mikono mitupu, akapanda matete. Katika maisha yangu sijaona mtu mwingine aliyelinda wengi kwa kitu kidogo hivyo.

Najua unataka nyumba yako, na una haki. Kanunue matofali kwingine, nitakusaidia kuyabeba. Mgongo bado unaweza. Kichuguu kiache. Panda matete kabla ya mvua, kama alivyofanya. Wala usidhani kinatosha: chukua vijana wenzako mwende komine, mwende wengi, mkaendelee pale alipoachia. Na ukiona maji yanakuja, anza na asiyeweza kutembea. Mimi nilijifunza nikiwa nimechelewa, na nusura alipe mtoto wangu.

Mungu akupe mgongo imara kama wake, na watakaokukimbilia wakukute umesimama.

Leo ni Jumapili. Baada ya misa nilipita kwenu, hukuwepo. Fundi amekwisha kuleta jembe lake, amelichomeka kileleni mwa kichuguu, katikati ya matete. Nilipanda polepole nikalichomoa. Nimeliegemeza kwenye mlango wako, na barua hii iko chini ya mpini.