Chenji ya Ndege

Nimehamahama sana: Malaba, Juba, Mombasa. Kila nikirudi Nakuru hutua kwa dada yangu mkubwa, mtaa wa Rhonda, kwenye chumba chenye harufu ya sabuni ya kipande na mafuta ya taa. Harufu hiyo hunifuata popote. Mara ya mwisho nilikuwa nimepata kazi ya ghala Oman, na tiketi ikanunuliwa kwa mchango. Dada alifungua kundi kwenye simu, na binamu na majirani wakatoa walichokuwa nacho.

Siku chache baadaye binamu mmoja akatupa picha kwenye kundi: ndege ileile, siku ileile, bei imeshuka. Chini yake ameandika, "Chenji yetu iko wapi?" Wengine walicheka.

"Enda uitafute," dada akaniambia. "Wewe unaenda. Mimi nitabaki na hawa watu."

Kwanza nilimpigia Mama, anayeishi Rongai. Mama haamini kitu kinachokuwa rahisi ghafla. Zamani tukiishi upande wa Molo, lori la petroli lilianguka Sachangwan na watu wakakimbilia mafuta yaliyomwagika. Jirani yetu alibeba mtungi, akamwambia Mama anarudi sasa hivi. Moto ukawakuta palepale.

"Imeshuka kwa nini?" Mama akauliza. "Wenzako wameogopa nini?"

"Ni biashara tu, Mama."

"Wachana nayo." Kisha akakohoa kile kikohozi kirefu ambacho sote tulikuwa tumezoea kujifanya hatukisikii.

Nilienda hata hivyo. Aliyetukatia tiketi ni mzee wa Kihindi mwenye ofisi ndogo mjini, juu ya duka la vitambaa. Nilipomweleza, alivua miwani.

"Chenji? Boss, hii si matatu."

"Mzee, watu wananingoja."

"Nikiifuta tiketi, faini itameza hiyo tofauti yote. Hebu niwaulize watu wa ndege." Akapiga simu, akangoja, akazungumza kwa sauti ya chini. Dirishani, wingu lilikuwa limeshuka juu ya Menengai hadi mlima ukapotea. "Wamekubali," akasema mwishowe. "Lakini hawatoi pesa. Wanatoa vocha, kwa jina lako peke yako, ya mwaka mmoja. Itakupunguzia bei ya safari nyingine."

"Safari gani? Mkataba wangu ni wa miaka miwili."

Akaniangalia kidogo. "Wazazi wako hai?"

"Mama."

"Basi iweke. Wengi huja hapa mbio, na bei ya siku hiyo haina huruma."

Kwenye kundi, binamu akaandika, "Eti vocha! Ndege imekula chenji." Mama nilimwambia nikiwa tayari uwanja wa ndege.

"Kwa hivyo wamekulipia njia ya kurudi," akasema, "kabla ya wakati wako."

Foleni ilisonga. Nikasukuma begi langu mbele.

Huku Oman hakuna matope, na mvua naiota tu. Mwanzoni niliisahau vocha. Halafu nikaanza kuifungua kwenye simu kabla ya kulala, kutazama tarehe yake ya mwisho. Wenzangu chumbani hudhani nasoma ujumbe wa mwanamke. Sijawahi kutamani kitu kiharibike mikononi mwangu kama hicho. Nilitaka tarehe ipite, vocha ife, nisiwe nimepata sababu ya kuigusa. Mwezi huu ndio wake wa mwisho.

Jana jioni dada alipiga. Hakunisalimu.

"Ile vocha bado inafanya?"

"Inafanya. Mbona?"

Nilisikia mvua ikipiga mabati, halafu mlango ukikwaruza saruji, mkwaruzo mrefu. Mlango wa Rhonda haukwaruzi. Ule ni mlango wa Mama, na dada hakuwa ameniambia kwamba anaenda Rongai.

"Dada, mbona?"

"Angalia tu bei ya kesho," akasema.